Mkia wa Mgono

Mwanangu Holo, ipo siku moja ambayo naikumbuka kila ninapofika Lamadi. Ni siku niliyomfanya babu yangu achekwe mbele ya ukumbi mzima, kwa kosa nililolifanya mimi, na nikanyamaza. Naanza na kosa lenyewe kwa sababu najijua. Nikianza kwa kuzunguka nitalipamba mpaka lionekane dogo.

Nakuita mwanangu, na najua wenzako watacheka wakisikia, maana nakuzidi miaka kumi na miwili tu. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu huyo ni mtoto wangu, hakuna mjadala. Kwa hiyo nivumilie nikizungumza kama mzee.

Wiki iliyopita mama yako alinipigia simu kutoka Bariadi. Alisema umepata nafasi ya kuwaongoza wageni kwenye makumbusho ya uvuvi pale Lamadi, kando ya ziwa, na kwamba umeikataa kwa sababu bado hujajua kila kitu. Alisema unaamka alfajiri kukariri majina ya samaki, na ukikosea moja unaanza orodha upya. Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Nilikuwa nasikia habari zangu mwenyewe.

Mimi, kama unavyojua, sikusomea kazi yangu popote. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Kasoli nikipalilia pamba, na mchana wa joto kali nilijifunza kuandika herufi za mabango kwa kunakili zile zilizo kwenye mifuko ya mbegu na ya unga. Nilinunua kamusi iliyokatika jalada, nikaisoma kama watu wanavyosoma gazeti. Nilikuwa na daftari la makosa. Kila neno nililowahi kuliandika vibaya lilikuwa humo, na pembeni yake jina la mtu aliyenisahihisha, ili niwe namkwepa. Naona aibu kulieleza hilo, lakini ndivyo nilivyokuwa. Mtu asiye na cheti anaishi akisubiri siku atakayoambiwa, na wewe nani alikufundisha?

Basi nikiwa na miaka ishirini na miwili, wavuvi na wafanyabiashara wa samaki wa Lamadi walikuwa wamegeuza ghala moja la zamani kuwa makumbusho. Walitaka mtu wa kuandika vibao vya maelezo. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mmoja, Mama Nyangeta, mchuuzi wa dagaa, mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu aliye kwenye mtumbwi katikati ya maji. Alinipa kibao kimoja cha majaribio. Nilikiandika mara nne kwa sababu herufi moja ilikuwa imeinama. Aliponikuta nakikwangua mara ya tatu akasema, "Kijana, sisi tunafungua makumbusho mwaka huu." Kazi nikapata.

Mle ndani mlikuwa na vitu ambavyo mtu wa bara kama mimi alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza kwa karibu. Mlikuwa na mtumbwi wa zamani ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila msumari. Mlikuwa na nyavu za uzi wa pamba zilizofumwa kwa mkono, vyelezo vya miti myepesi, mawe yaliyotobolewa ya kuzamisha nyavu, na taa za karabai za wavuvi wa dagaa. Nilikuwa naandika maelezo ya vitu hivyo huku moyo ukiniuma kidogo, kwa sababu vyote vilikuwa vya watu wa ziwani. Sisi wa kule juu tulikuwa tunatajwa kwa ng'ombe na pamba tu. Mzee Majura, mvuvi mstaafu aliyekuwa akishinda pale kila siku, alikuwa hachoki kunitania. "Bariadi mnavua nini ninyi? Vumbi?"

Siku moja nikamjibu kwamba babu yangu alikuwa akivua. Sikuwa na hakika sana. Nilisikia tu nyumbani kwamba babu, Guku Jilala kama tulivyomwita, kule Nkoma, zamani alikuwa akitega migono kwenye vijito vinavyoingia Mto Simiyu, mvua zinapoanza. Mgono wenyewe ni mtego wa kusukwa kwa fito na matete, mrefu kama mtu aliyelala, mdomo mpana na nyuma mwembamba. Mimi sikuwahi kumwona akitega. Nilipozaliwa alikuwa amekwisha kubaki na ng'ombe wake.

Mzee Majura alicheka mpaka akakohoa. Mama Nyangeta hakucheka. Akasema, "Kama anao huo mgono, aje nao atuonyeshe unavyofanya kazi. Ukifaa, utakaa humu pamoja na vyetu. Usipofaa, tutamshukuru arudi nao." Wakapanga iwe siku ambayo wazee wa mialo ya jirani, zile fukwe za kushushia samaki, na wanafunzi wa shule moja walikuwa wanakuja kutembelea makumbusho kabla hayajafunguliwa rasmi.

Nilikwenda Nkoma kumwambia Guku. Hakuonyesha furaha wala hasira. Aliuliza swali moja tu, "Wataandika kwamba nilikuwa mvuvi?" Nikasema mgono ukikubaliwa, ndiyo, mimi mwenyewe ndiye mwandishi. Kesho yake alfajiri alimtuma mtu kukata matete. Mgono wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo alisuka mpya, akiwa na umri ambao mikono ilikuwa inatetemeka hata akishika kikombe. Ulimchukua karibu mwezi mzima. Bibi alisema alikuwa akila na mgono uko mapajani.

Mwanangu, hapo ndipo ninapoingia mimi.

Tulikubaliana nitangulie na mgono siku moja kabla, na Guku aje na shangazi asubuhi ya siku yenyewe. Nikaufikisha Lamadi salama, nikauweka juu ya meza ghalani, nikaanza kuukagua. Mwili wake ulikuwa mzuri ajabu. Koo lake la ndani, lile linalomruhusu samaki aingie na kumzuia asirudi, lilikuwa limebana vizuri kabisa. Lakini nilipofika nyuma, kwenye mkia, nikaona umeachwa wazi. Ncha za fito zilikuwa zimetokeza huru, hazikufungwa, kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Tundu lilikuwa kubwa, ngumi yangu ilipita.

Nikajisemea, mzee amechoka kabla hajamaliza. Nikaanza kusikia kicheko cha Mzee Majura hata kabla hajacheka. Ningeweza kupiga simu Nkoma nikauliza, na simu ilikuwa mfukoni. Sikupiga. Nilijiambia kwamba sitaki kumuaibisha mzee kwa kumuonyesha kasoro ya mikono yake. Leo nakwambia ukweli, sikuwa nalinda aibu yake. Nilikuwa naogopa aibu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyejigamba kwamba babu yangu ni mvuvi.

Kusuka nilikuwa nimejifunza mwenyewe kidogo kwa kufumua vikapu vya bibi na kuvirudishia. Nikatafuta matete, nikayalowesha, nikakaa mchana wote nikiziba ule mkia. Nilizikunjia ndani ncha zilizotokeza. Nilifumua mara mbili kwa sababu mstari mmoja haukulingana. Nilipomaliza hakuna mtu angeweza kusema pale palikuwa na tundu. Niliushika mgono mbali na macho, nikaona umekamilika, nikaenda kula nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miezi mingi.

Asubuhi Guku akafika. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, na fimbo, na mfuko mdogo wa nguo aliokuwa akiushika kwa mkono mmoja muda wote. Alisalimia kila mtu kwa zamu, "Mwangaluka, mwangaluka," na wale wa ziwani wakamjibu kila mmoja kwa lugha yake. Kabla ya chochote aliomba atembezwe. Ndipo nilipojua mtu anaweza kuingia makumbusho kama anavyoingia nyumbani kwa rafiki. Aliinama kwenye mtumbwi wa kushona, akapitisha kidole kwenye kamba, akauliza waliziba kwa kitu gani maji yasipite. Aliyapima mawe ya nyavu kwa kiganja. Kwenye picha ya samaki aitwaye ningu alisimama muda mrefu, akasema polepole, "Huyu namjua. Huyu alikuwa mgeni wangu."

Nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa najivuna mpaka kifua kinauma.

Halafu wakatuita ukumbini. Mzee Majura alikuwa ameleta kambare hai kwenye beseni, samaki anayevumilia nje ya maji. Wanafunzi walikaa chini mbele, wazee wa mialo kwenye mabenchi. Guku alieleza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, kwamba mvua zikianza samaki wanapanda mto kwenda kutaga, na mgono unawekwa mahali maji yanapobanwa kati ya mawe. Akamtia kambare mdomoni mwa mgono. Kambare akapenya kooni, akaingia ndani, wanafunzi wakaguna kwa kufurahi.

"Sasa," akasema Guku, "mvuvi anakuja asubuhi kumtoa." Akaugeuza mgono, akapeleka mkono nyuma kwenye mkia.

Mkono ukagota.

Alijaribu tena, akipapasa. Kambare alikuwa anajipigapiga mle ndani, na mgono wote unatikisika mikononi mwake. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mzee Majura hakuweza kujizuia.

"Jamani, mfugaji kamtia samaki zizini halafu kasahau mlango."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja wa wazee akaongeza, "Muulizeni, ng'ombe wake wanatokea wapi?" Na mtoto mmoja wa shule, bila ubaya wowote, akauliza, "Babu, huyo samaki ataozea humo?"

Guku aliendelea kupapasa pale nilipoziba. Niliona vidole vyake vikipita juu ya ule mstari wangu ulionyooka, vikienda na kurudi. Akainua macho akanitazama. Alikuwa amejua. Mtu aliyesuka kitu kwa mwezi mzima hawezi kuchanganya mkono wake na wa mwingine.

Akawageukia watu akasema, "Mnisamehe. Mikono imezeeka."

Nami, mwanangu, nikanyamaza. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na ulimi uko mdomoni, nikanyamaza.

Mama Nyangeta aliinuka akamshukuru kwa adabu. Alisema mgono ni kazi nzuri ya mikono, na kwamba kwa sasa watauweka upande ule wa vikapu vya sokoni. Alisema kwa upole sana. Kila mtu alielewa maana yake. Vikapu vya sokoni vilikuwa karibu na mlango, mahali pa vitu visivyohusu uvuvi. Babu yangu alikuwa ameombwa athibitishe kwamba ni mvuvi, na mbele ya watu wote akaonekana mfugaji aliyekuja kubahatisha.

Nikatoka nje upande wa ziwa, ambako wanawake walikuwa wakigeuza dagaa juu ya mchanga. Baada ya muda nikasikia fimbo ikija nyuma yangu.

"Nani alisuka mkia?" akauliza.

"Mimi, Guku."

"Umesuka vizuri." Alisema hivyo bila kejeli, na ndiyo maana iliniuma. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani umechoka ukaacha."

"Nilichoka. Sikuacha." Akafungua ule mfuko wa nguo. Ndani mlikuwa na kamba ya katani, mpya, iliyosokotwa kwa mkono, urefu wa pima moja hivi. "Mkia unafungwa kwa hii ukitega. Ukija asubuhi unaifungua, samaki anatokea huko. Siku hizo nilikuwa naifunga nikiwa majini hadi kifuani. Nikasema hapa waone kwanza samaki anavyotokea, halafu niifunge mbele yao."

Nikaanza kusema nimekosa, nimekosa, mara nyingi, kama mtoto. Akanizuia kwa mkono.

"Wewe hukosei zaidi ya wengine, ng'wizukulu, mjukuu wangu. Lakini unaona aibu kuuliza, kwa hiyo kosa lako linakua gizani mpaka linamfikia mtu mwingine. Leo limenifikia mimi." Akatazama wale wanawake wa dagaa. "Mimi nimeshasema mikono yangu imezeeka. Neno langu silirudishi. Ukitaka kulirudisha wewe, watu bado wamo ndani."

Akakaa juu ya mtumbwi mbovu uliokuwa pale, akanigeuzia mgongo. Hakuniamuru. Angeniamuru ningeona rahisi zaidi.

Sijui nilifikaje mlangoni. Nakumbuka wazee wa mialo walikuwa wameanza kunywa chai na wanafunzi walikuwa wanapanga mstari wa kuondoka. Nikamwomba Mama Nyangeta nafasi ya kusema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Nilisema mgono uliletwa na mkia wazi, na uliachwa wazi makusudi. Nilisema niliuziba mimi jana, bila kuuliza, kwa sababu niliona haupendezi, na sikujua chochote kuhusu mgono. Nilisema babu alijua akanifichia. Nikataka kuongeza sababu, nikaona kila sababu ni ya kujitetea, nikaishia hapo.

Halafu Mzee Majura akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo fundi vibao ndiye aliyesahau mlango," akasema. "Na mimi nimemcheka mwenzangu." Akatoka nje mwenyewe, na viatu vyake vikubwa, akarudi amemshika Guku mkono kama wanavyoshikana wazee waliofahamiana ujanani. Mama Nyangeta alikwisha sema, "Leteni kisu."

Guku hakuupokea kisu. Akanielekezea mimi. Nikakaa chini mbele ya wanafunzi wale, nikakata kazi yangu yote ya mchana mzima, tete kwa tete, huku yule mtoto aliyeuliza swali akinishikia mgono usiyumbe, na kambare bado mle ndani. Tundu likarudi, na ncha za fito zikawa huru tena. Guku akaifunga kamba yake mbele yao, taratibu, akaeleza kila mzunguko. Akaifungua. Akainua mgono upande wa mdomo, na kambare akateleza akatokea mkiani, akaangukia beseni, maji yakamrukia Mama Nyangeta usoni. Safari hii kicheko kilikuwa kingine.

Kisha Mzee Majura akasema jambo ambalo sikulijua, wala halikuwa kwenye kibao chochote nilichokiandika. Alisema zamani, kila mvua za kwanza ziliponyesha, ningu walikuwa wanapotea ziwani. Nyavu zinatoka tupu. Baba yake alikuwa anasema wamekwenda juu, subirini. "Sisi tulijua wameondoka," akasema akimtazama Guku. "Hatukujua nani anawapokea huko."

"Nilikuwa nawapokea mimi," akasema Guku. "Wengi niliwaacha wapite, ili ninyi mpate kazi."

Waliongea mpaka wanafunzi wakakosa subira, wazee wawili, mmoja akieleza mwanzo wa safari ya samaki na mwingine mwisho wake. Mimi nilikuwa nimekaa nikiandika haraka, na makosa kibao, bila kufuta hata moja. Mgono ukatundikwa siku ileile ubavuni mwa mtumbwi wa kushona. Guku alipoulizwa kibao kisemeje, aliniambia maneno machache, nami nikayaandika palepale akinitazama: Mgono wa mtoni. Umesukwa na Jilala wa Nkoma, mvuvi. Herufi ya mwisho imeinama kidogo. Ipo vile mpaka leo.

Alipokuwa anaondoka alirudi mara mbili kukitazama, na mara zote mbili alijifanya amesahau fimbo. Amepumzika sasa, lakini watu wa Nkoma wanaposhuka Lamadi kwa shughuli zao wanapita pale kuona jina lake. Nakwambia bila kuona haya, najivunia kuwa mjukuu wa mtu yule kuliko herufi zote nilizowahi kuchora.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuandikia. Mwanangu, nenda Lamadi ukaichukue kazi ile. Hujui kila kitu, na hata ukikariri mpaka mwakani hutakuwa umejua kila kitu, kwa sababu nusu ya habari za mle ndani bado ziko vichwani mwa watu watakaoingia mlangoni kama wageni. Ukikuta kitu kinaonekana hakijakamilika, usikishike kabla hujamuuliza aliyekitengeneza, au mtoto wake, au jirani yake. Uliza hata kama sauti itatoka nyembamba. Mgeni akikuuliza jambo usilolijua, mwambie sijui, halafu mkalitafute pamoja. Na ukikosea, sema mapema, sema mbele ya walewale waliokuwepo, wala usimwachie mtu mzima aibebe aibu yako. Kupenda kazi nzuri si ubaya, usije ukanielewa vibaya. Suka vizuri, lakini ukishajua mlango uko wapi.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe wazee wavumilivu wa kukusahihisha na marafiki wa kucheka nawe. Jina lako likitajwa kule juu kwetu, litajwe kwa furaha, na mikono yako ifanye kazi mpaka izeeke.

Mimi lile daftari la makosa sinalo tena. Nauliza kabla ya kushika brashi, na nikikosea nasema siku hiyohiyo. Bado naogopa kila mara, lakini nasema.